Mivinyo myekundu ya Italia, michanga na mikongwe, kwenye meza moja: nipange vipi?

mezani_torino

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua mvinyo wa Italia kwa undani.

Jumamosi kuna chakula cha jioni hapa Torino, watu wanane, tunakaa mezani saa 2 usiku. Nia ni kuweka mvinyo mchanga na mkongwe pamoja ili kila mtu aone kwa ulimi wake umri unabadilisha nini. Chupa zilizopo: Barolo 2019 na Barolo 2001, zote za Serralunga d'Alba, mzalishaji mmoja na shamba moja, Barolo 2010 ya La Morra, Brunello di Montalcino 2019 na 2006, nazo za mzalishaji mmoja, na Amarone 2016. Zimelazwa stoo ya chini ya jengo, nyuzi 12 hadi 15 mwaka mzima.

Ninachouliza ni hiki. Niweke zote sita? Nianze na mchanga au mkongwe? Hiyo ya 2001 niifungue saa ngapi, na niimimine kwenye jagi au niiache kwenye chupa? Menyu kwa sasa ni nyama mbichi ya kukatakata, tajarin (tambi nyembamba za mayai), brasato (nyama iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo) na jibini, lakini wageni wawili wameshaulizia pilau. Inawezekana au itaharibu kila kitu?

Kizibuo

Sita ni nyingi mkuu, na mbili kati yake zitakuvurugia hesabu.

Ya kwanza kutoka ni Amarone. Zabibu zake hukaushwa kwenye trei miezi mitatu hadi minne baada ya kuvunwa ndipo zikamuliwe, kwa hiyo kilevi hufika asilimia 15 au 16 na mara nyingi hubaki na utamu kidogo. Ukishainywa, Barolo yoyote inayofuata itaonekana nyembamba na chachu kama maji ya ukwaju. Iweke mwisho kabisa na jibini, zoezi likiwa limekwisha, au iache stoo.

Ya pili inauma kuitoa: Barolo 2010. Mwaka wenyewe ni mzuri mno. Tatizo ni kijiji. La Morra sehemu kubwa ni udongo wa marli ya kijivu, na mvinyo wake una harufu tele na ukakasi mwororo unaokomaa mapema. Serralunga ni ardhi ya kale zaidi, ina chokaa na mawe-mchanga, na ukakasi wake ni wa kukaza ufizi. Ukiisimamisha 2010 ya La Morra katikati ya Serralunga mbili, meza nzima itasema "umri umeulainisha", kumbe kilichoongea ni udongo.

Kanuni yangu ni kubadilisha kitu kimoja tu. Wewe una bahati kwamba shamba na mzalishaji ni walewale, na hata miaka inalingana: 2001 na 2019 zote ni za mavuno yaliyokomaa taratibu na yenye uti wa mgongo. Kama mchanga wako ungekuwa wa 2017, mwaka wa joto na ukame, au wa 2014 uliojaa mvua, ungekuwa unalinganisha hali ya hewa.

Kuna mtego mmoja umebaki, mapipa. Miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 wazalishaji wengi wa Barolo waliingia kwenye mapipa madogo mapya ya mwaloni ya lita 225. Wengi wao baadaye wakarudi kwenye mapipa makubwa ya maelfu ya lita ambayo hayaachi harufu ya mbao. Kwa hiyo 2001 ikikunukia vanila na kahawa iliyokaangwa, usimwambie mgeni kwamba huo ndio uzee. Hiyo ni mbao. Soma lebo ya nyuma au maelezo ya mzalishaji kabla ya Jumamosi.

Na tuelewane kuhusu neno "mchanga". Sheria ya Barolo inadai miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, ndiyo maana 2019 iliingia sokoni 2023. Brunello huuzwa kuanzia Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, kwa hiyo yako ilitoka 2024. Hizo zote zimeshakaa. Ukitaka uchanga wenyewe, ongeza Rosso di Montalcino au Langhe Nebbiolo ya mavuno ya karibuni. Zabibu ni zilezile za Brunello (Sangiovese) na Barolo (Nebbiolo), bei ni ndogo, na ukitokea msiba wa chupa kuharibika una akiba.

Mpangilio: jozi ya Brunello kwanza, na vyakula vya kuanzia. Jozi ya Barolo baadaye, na nyama. Zabibu ya Sangiovese ina uchachu mwingi lakini ukakasi wake ni mdogo kuliko wa Nebbiolo, haitakuchosha mapema.

Vipimo: chupa ya mililita 750 ukiacha mashapo inabaki kama 700. Mpe kila mtu 50 za kuonja kabla ya chakula kufika na 35 za kunywa na chakula, jumla 680. Mivinyo minne ni mililita 340 kwa kichwa, karibu nusu chupa, kwa hiyo weka vikombe vya kutemea, hasa kwa wenye magari. Chukua kikombe cha kupimia jikoni, mimina mililita 50 za maji kwenye glasi moja, tazama maji yamefika wapi. Bila hivyo wa mwisho mezani atapata vijiko viwili.

mashapo2

Nijibu la Barolo 2001, maana ndiyo yenye uwezo wa kukuaibisha.

Isimamishe Jumatano, si Jumamosi asubuhi. Mashapo ya Nebbiolo si vipande kama majani ya chai, ni vumbi laini kama unga, na likitibuka halitui kwa saa mbili wala tatu. Lina uchungu, na mvinyo uliochafuka nalo huonekana mkali na mfu hata kama ulikuwa mzima. Iinue polepole, iweke karibu na meza utakayofungulia, isiguswe tena. Ya 2006 isimamishe Alhamisi, inatosha.

Kufungua. Kata foili chini ya mdomo na uivue yote, kwa sababu baadaye utahitaji kuona shingo. Ukikuta ukungu mweusi juu ya kizibo usishtuke, ni dalili ya stoo yenye unyevu. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Halafu gusa kizibo kwa kidole, usukume kidogo sana.

Kama hakisogei, tumia kizibuo cha bapa mbili, si cha skrubu. Kizibo cha miaka zaidi ya 20 huwa laini katikati, na skrubu hutoka na kiini ikaacha pete imeshika kioo. Ingiza bapa refu kwanza, kati ya kizibo na kioo, kisha fupi upande wa pili. Bembeza kushoto kulia, kidogo kidogo, mpaka mpini uguse mdomo wa chupa. Kisha zungusha huku unavuta, mwendo mmoja, bila haraka. Chupa isitikisike, mtu mwingine aishike chini ukibidi.

Kama kizibo kimesogea ulipogusa, bapa mbili zitakisukuma ndani. Hapo rudi kwenye skrubu ndefu, izungushe mpaka itokee karibu na mwisho wa kizibo, vuta wima. Kikikatika nusu, ingiza skrubu kwa kuilaza ili ibane kizibo kwenye ukuta wa kioo. Kikizama chote, si mwisho wa dunia: utamimina kupitia chujio la chai la chuma lenye matundu madogo. Karatasi za kuchujia kahawa usitumie, zinaacha harufu ya karatasi, halafu watu watadhani mvinyo una ugonjwa wa kizibo.

Kumimina ni mwinamo mmoja. Washa tochi ya simu, iweke mezani ikitazama juu, shingo ya chupa iwe juu ya mwanga pale inapokutana na bega. Mimina taratibu na usiisimamishe tena chupa katikati, kila unapoinua mashapo yanarudi nyuma na kutibuka. Mwanzo utaona mvinyo angavu. Ukifika robo ya mwisho utaona uzi kama moshi wa udi unatambaa kuelekea shingoni. Moshi ukifika shingoni, acha. Zitabaki mililita 40 au 50. Zimimine kwenye kikombe cha kahawa na mpitishie mgeni mmoja mmoja achovye kijiko: huo uchungu wa unga ndio sehemu ya ukakasi na rangi iliyokuwa ikielea kwenye mvinyo ulipokuwa mchanga. Vimeungana, vikawa vizito, vikazama. Hakuna maelezo ya uzee yanayoshinda hicho kijiko.

Saa: fungua 2001 saa 11 jioni. Onja kijiko. Ikiwa imejifunga au ina harufu ya kabati la zamani, iache wazi ndani ya chupa, usimimine. Kidirisha kidogo cha shingo kinaipumulisha pole pole. Kama imeshachanua, irudishie kizibo kisafi na uiweke mahali pa baridi. Kwenye jagi iingie dakika 15 tu kabla ya kunywewa. Barolo 2019 ni kinyume, jagi pana kuanzia saa 9 alasiri. Brunello 2019 saa 11, Brunello 2006 saa 1.

BiMdogo

Nakubaliana na mashapo2 kuhusu mkono, sikubaliani kuhusu saa. Kufungua saa 11 kitu kitakachonywewa saa 3 usiku ni sawa kwa 2001 ya Serralunga iliyolala kwenye nyuzi 13. Msomaji mwingine asilichukue hilo akaenda nalo kwenye chupa ya mwaka dhaifu, mathalani 2002 iliyopigwa mvua ya mawe, au chupa iliyokaa miaka kumi juu ya kabati la sebuleni. Hiyo harufu yake ni ya nusu saa. Ukiifungua mapema, wageni wanakuta siki ya heshima.

Swali la nani aanze. Desturi inasema mchanga kwanza, mkongwe baadaye. Kwa Nebbiolo desturi hiyo ina kasoro. Tanini, yaani vile viini vinavyoleta ukakasi, za Barolo changa hushikana na protini za mate, mdomo unakauka, ulimi unakuwa kama umeuma bibo la korosho lisiloiva. Dakika kadhaa hujarudi sawa. Ukimleta mzee hapo, unamwonja kwenye mdomo uliokaushwa na mjukuu wake.

Wekeni zote mbili mezani kwa wakati mmoja, kushoto mkongwe, kulia mchanga, na mfuate mpango huu. Rangi kwanza: laza glasi juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo, si katikati. Nebbiolo ina rangi hafifu hata ikiwa changa, kwa hiyo wepesi wa rangi si dalili ya uzee. Dalili ni ukingo kugeuka rangi ya tofali. Kisha nusa zote mbili bila kuzungusha glasi. Hili watu hulipuuza. Mkongwe ukizungushwa kwa nguvu mwanzoni hutoa yote aliyonayo kwa dakika moja. Baadaye zungusha, unuse tena. Kwenye mchanga tafuta waridi, cheri, rasiberi. Kwenye mkongwe tafuta lami, ngozi, majani makavu, tumbaku, uyoga, na waridi lileile likiwa limekauka ndani ya kitabu.

Ndipo uonje, mkongwe kwanza. Mililita 10 zinatosha, uzisukutue kama unasafisha meno. Jiulize mambo manne tu: ukakasi unakamata wapi, kwenye ufizi au umeenea ulimi mzima, mate yanachuruzika kwa kiasi gani pembeni mwa ulimi, huo ndio uchachu, tunda ni bichi au limekauka, na ukishameza au kutema, ladha inakaa kwa hesabu ya sekunde ngapi. Hesabuni kimoyomoyo. Kisha mchanga. Kisha kipande cha mkate usio na chumvi, maji, mpumzike dakika tatu, mrudi kwa mkongwe.

Kosa ambalo nitaliona hata nisipokuwepo: mtu atasema uchachu umepungua kwa umri. Haupungui kwa kiasi cha kuhisika. Kinachopungua ni tunda na ukakasi, ndiyo maana kwenye mvinyo uliozeeka kupita kiasi uchachu hubaki umesimama peke yake kama nguzo ya nyumba iliyobomoka.

Na kama mnataka zoezi lenye akili, na mkipata chupa ya pili ya Barolo 2019 maana moja haitatosha, jaribuni jagi lenyewe. Saa 9 ukifungua 2019, kabla ya kumimina kwenye jagi, jaza chupa ndogo ya mililita 250 mpaka mdomoni kabisa, ufunge. Hapo hakuna nafasi ya hewa. Usiku mpe kila mtu glasi tatu za mililita 20 bila majina, mbili kutoka jagi moja na ya tatu kutoka chupa ndogo, au kinyume chake, aseme ipi ni tofauti. Kwa kubahatisha tu, katika wanane watapatia wawili au watatu. Wakipatia sita au zaidi, hewa imefanya kazi kweli. Wakipatia watatu, acheni kumsumbua mtu na jagi.

Mpishi wa Zamu

Chakula. Nitakwenda kwa mvinyo, si kwa sahani.

Nyama mbichi ya kukatakata kwa kisu ni nzuri na Brunello changa. Chumvi, mafuta ya zeituni, basi. Wengi humwagia limau, na limau likizidi linaufanya mvinyo uonekane umelala. Matone tu. Vitunguu saumu vibichi hapana, vitakaa mdomoni mpaka jibini.

Tajarin kwa jozi ya Brunello iwe na mchuzi wa nyama. Nyanya ziwe kidogo na zipikwe muda mrefu, na usiongeze sukari. Utamu kwenye chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mchachu zaidi, hiyo ni sheria ya mdomo wowote. Kama ungekuwa unaanza na Barolo ningekwambia siagi na uyoga, lakini mpangilio wa Kizibuo umekaa vizuri, usiuvuruge.

Brasato ndipo penye kazi. Kilo 1.8 ya nyama ya bega, Piemonte huita kipande hicho cappello del prete, inatosha wanane. Chupa moja ya Langhe Nebbiolo au Barbera, usiunguze Barolo jikoni, tofauti hutaiona. Kaanga nyama kila upande mpaka iwe kahawia, toa, kaanga karoti, kitunguu na mashina ya selari, rudisha nyama, mimina mvinyo, chemsha wazi dakika tano kilevi kipungue, funika, tanuri nyuzi 150 kwa saa tatu. Mdalasini na karafuu huwekwa na wengi, wewe weka karafuu mbili tu. Kinachoharibika hapa ni mchuzi: watu huuchemsha mpaka unakuwa mzito, mtamu na mchungu kama dawa. Huo utamzika Barolo 2001. Usage mboga, uchuje, uache uwe mwepesi wa kupaka mgongo wa kijiko, na kwenye sahani iwe vijiko viwili. Mchanga mpe nyama yenye mafuta na mchuzi, maana protini na mafuta hushika tanini badala ya mate yako. Mkongwe mpe kipande cha ndani, kikavu, chenye chumvi.

Jibini: Parmigiano Reggiano la miezi 24 hadi 36, au Castelmagno. Ya bluu yenye ukali iende na Amarone. Saladi yenye siki na atichoki zisikanyage meza kabla zoezi halijaisha. Atichoki hufanya kila unachokunywa baada yake kiwe na utamu wa uongo.

Sasa pilau. Inawezekana, lakini si na Barolo 2001. Bizari nyembamba, iliki na karafuu ni harufu zenye sauti kubwa, na mvinyo mkongwe huongea kwa kunong'ona. Pika pilau ya ng'ombe, viungo nusu ya kawaida yako, kitunguu kikaangwe mpaka kahawia kwa sababu hicho ndicho kitakachokubaliana na mvinyo, na iliwe na Rosso di Montalcino au Brunello changa. Kachumbari ije bila pilipili na bila ndimu, au isije. Pilipili, kilevi na ukakasi vikikutana mdomoni vinachochea moto, halafu lawama inamwangukia mvinyo.

mezani_torino

Asanteni sana, mmenifungua macho. Amarone na La Morra nimezirudisha stoo, Rosso nitainunua kesho. Mawili mapya. Nimesimamisha 2001 na kuona mvinyo umeshuka kama sentimita 3 chini ya kizibo, ya 2006 iko juu kabisa. Ni tatizo? Na chumba cha kulia kina nyuzi 22, kuna hita.

mashapo2

Sentimita 3 kwa chupa ya mabega ya kuteremka yenye umri huo ni kawaida. Ikivuka 5 ndipo ningekaa na akiba mkononi. Angalia zaidi rangi: ishike shingo mbele ya taa. Ukiona wekundu wa tofali unaong'aa, endelea. Ukiona kahawia ya chai ya rangi iliyolala, andaa chupa nyingine. Angalia pia kama kuna mstari mkavu wa mvinyo umeteremka nje chini ya foili, hiyo ni chupa iliyowahi kupata joto ikasukuma kizibo.

Nyuzi 22 ni nyingi kwa zote. Zitoe stoo mwishoni, za 2019 uzimimine kwenye glasi zikiwa na nyuzi 16, kwenye chumba hicho zitafika 18 zenyewe. Mkongwe nyuzi 15 hadi 16. Mvinyo ukiwa wa moto kilevi kinatangulia puani na harufu nyingine zote zinajificha. Ukiwa wa baridi sana ukakasi unakuwa wa chuma, hasa huo mchanga. Jagi la 2019 likae stoo au barazani saa zote hizo, si jikoni karibu na tanuri la brasato.

pwani_tu

Naomba kuchomekea. Sisi wa Mombasa na Dar chumba kina nyuzi 29. Hiyo habari ya kuacha mvinyo kwenye jagi kwa muda wa saa sita inatuhusu?

BiMdogo

Ndugu yangu, kwenye nyuzi 29 fupisha, saa moja na nusu inatosha, na jagi liwe ndani ya beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu. Chupa iliyokuwa kwenye joto la chumba iweke kwenye ndoo ya nusu barafu nusu maji, kama dakika 15, upime kwa kipimajoto cha jikoni. Mimina kidogo kidogo kwenye glasi, maana glasi iliyojaa inachemka mbele yako. Na huko msihifadhi Barolo miaka 20 bila friji ya mvinyo. Joto la namna hiyo haliuzeeshi, linaupika, na harufu yake ni jamu na zabibu kavu zilizoungua.

Kizibuo

Mkuu wa Torino, la mwisho upande wangu: jinsi ya kujua chupa mbovu kabla ya kuigawa. Jionjee mwenyewe kila chupa unapofungua. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa, tunda limezimika, ni kizibo kilichoambukiza. Uyoga wa msituni na harufu ya boksi hufanana kwenye mkongwe, kwa hiyo usihukumu papo hapo. Subiri dakika 20. Harufu ya kujifungia hupungua na hewa, ya kizibo huzidi. Harufu ya tufaa lililopondeka pamoja na rangi ya kahawia ni hewa iliyoingia zamani. Harufu ya rangi ya kucha ikizidi kila kitu, mvinyo unaelekea kuwa siki.

Glasi 16 zinatosha, mbili kwa kila mtu. Zioshe kwa maji ya moto bila sabuni, zikauke zikiwa zimesimama, na kabla ya kumimina zinuse tupu. Glasi iliyokaa imepinduliwa kabatini hubeba harufu ya mbao. Mkibadilisha jozi, mimina kijiko cha mvinyo unaofuata, zungusha, mwaga, ndipo ujaze. Maji usitumie hapo, matone yanabaki. Kwa zoezi la glasi tatu la BiMdogo utahitaji nane zaidi, hata za kuazima, mradi ziwe za umbo moja.

mezani_torino

Zipo nane za jirani, ila ni fupi na mdomo wake ni mpana.

BiMdogo

Basi hizo zisichanganywe na nyingine, harufu itakuwa tofauti kwa sababu ya glasi tu. Tumia ndefu zote 16 kwa watu watano wa kwanza, inabaki moja, kisha suuza, ifuate meza ya watatu. Wale watano wasiseme kitu mpaka wenzao wamalize.